Kadi ya Draya ya Pili

Wairimu, ambaye sasa anakalia kiti changu katika ofisi ya matengenezo, aliniomba kabla sijaondoka nimwandikie kurasa mbili za maelezo ya kazi. Alitaka kujua mashine ipi ina tabia gani, na kwa nini kazi fulani nilizipa saa sita wakati kitabu cha mtengenezaji kinasema mbili. Nimejaribu. Kurasa mbili hazikutosha, kwa sababu kila mashine niliyoiandika ilinikumbusha mtu, na mtu mmoja alinikumbusha jambo ambalo siwezi kuliruka. Nawaandikia nyinyi mnaokuja nyuma yetu, mlio na simu zenye akili kuliko kompyuta yangu ya kwanza. Someni polepole, hasa pale ambapo nimekosea.

Kiwanda chetu ni cha majani chai, juu ya Kerugoya, pale mashamba yanapokaribia msitu. Nilikuwa mpangaji wa matengenezo. Kazi ya mpangaji ni kujua, kabla mashine haijasimama yenyewe, ni lini tutaisimamisha sisi, nani ataifungua, kwa saa ngapi, na kwa vipuri gani. Nilipowaambia watu wa kwetu Kiganjo kwamba mimi ni mpangaji, waliniuliza kama mwenye nyumba ni mtu mzuri.

Niliingia nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sweta moja. Niliajiriwa kuandika vitu vya stoo, lakini wiki ya kwanza haikuisha kabla Mzee Ndirangu, msimamizi wa karakana, hajanichukua. Alikuwa mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio, na ukutani kwake palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari. Kila msumari ulikuwa mashine moja, na kila kazi ilikuwa kadi iliyotundikwa. Kadi ikifanywa, inatolewa. Isipofanywa, inakaa pale ikikutazama. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wote, na haukuhitaji umeme.

Siku yangu ya kwanza karakanani alinionyesha mkanda uliochanika, ule wa kupeleka majani kutoka kwenye vitanda vya kunyausha.

"Kubadilisha hii ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa moja, Mzee. Kitabu kinasema saa moja."

"Kitabu kiko na ngazi?"

Sikuelewa swali. Nilielewa baadaye. Ngazi ilikuwa kwa wapaka rangi, nyumbani kwa meneja. Ilipoletwa, tulikuta boliti za kifuniko zimeshika kutu. Zilipokatwa, mkanda uliotoka stoo ukawa wa mashine nyingine, na aliyeuweka kwenye rafu isiyo yake nilikuwa mimi mwenyewe, juzi yake. Tulianza baada ya chai ya asubuhi na tukamaliza watu wa zamu wakifunga koti kwenda nyumbani. Mzee Ndirangu hakunigombeza. Aliandika nyuma ya kadi: "Spana, saa moja. Kutafuta, saa sita." Kisha akaniambia, "Githaiga, ukiulizwa kazi itachukua muda gani, uliza kwanza ngazi iko wapi."

Hilo ndilo somo la kukadiria, Wairimu, na sina jingine kubwa zaidi. Mengine ni matawi yake. Boila haifunguliwi ikiwa moto, kwa hiyo hesabu muda wa kupoa. Fundi mmoja mwenye mikono miepesi asiwe kipimo cha mafundi wote, maana siku utakayompangia mwingine utamwita mvivu bila sababu. Siku ya mvua ongeza saa, siku ya mazishi kijijini ongeza mbili. Na ukikuta kazi iliyochukua muda uleule uliokadiria, bila kupungua wala kuzidi hata robo saa, usijipongeze. Nenda ukaiangalie tena.

Mzee Ndirangu alinipa Wafula nifanye naye kazi. Wafula alikuwa mtu wa Bungoma. Alikuja milimani kumtembelea kaka yake aliyekuwa askari Kiganjo, akapata baridi na kazi katika wiki moja, na hakuna hata kimoja kilichomwachia. Alikuwa fundi wa grisi na beringi, zile pete zenye gololi ambazo mhimili huzungukia. Kikuyu chake alijifunza kwa kina mama wa kuchambua chai, kwa hiyo alianza na matusi kisha akapanda hadi salamu. Aliniita Baba Njoki, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Wafula alikuwa na bisibisi ndefu ambayo hakuifungulia kitu. Aliiweka ncha moja kwenye nyumba ya beringi na nyingine sikioni, akafumba macho. "Huyu ana njaa," angesema, na kweli ukifungua ungekuta grisi imekauka. Alikuwa pia na tabia ya kuandika nyuma ya kadi. Kazi isipowezekana hakuirudisha kimya. Aliandika: "Haikufanyika. Walikataa kusimamisha. Nitarudi Alhamisi." Nilikuwa na sanduku zima la kadi za namna hiyo, na leo natamani ningelitunza.

Kisha kompyuta ikaja. Vijana wawili kutoka Nairobi walitufundisha kwa siku tatu, na siku moja kati ya hizo umeme haukuwepo. Tulizunguka kiwanda chote tukipaka namba kwenye mashine, hadi kina mama wa kuchambua wakauliza kama nao watapakwa. Kila mashine ilipata ukurasa wake, na kila kazi tarehe yake. Ikifika tarehe, kadi inajichapisha yenyewe. Ikipita bila kufungwa, mstari wake kwenye skrini unakuwa mwekundu. Ikifungwa, unakuwa kijani.

Mzee Ndirangu alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama. "Hii kitu inajua kunusa?"

"Kunusa nini, Mzee?"

"Mkanda ukiungua."

"Hapana."

"Basi usiiache peke yake na mashine," akasema, akarudi kwenye ubao wake.

Mimi niliipenda kompyuta, na bado naipenda. Ilikumbuka mambo ambayo mimi ningeyasahau. Iliniambia mapema beringi gani ziagizwe, ili fundi asikae juu ya ndoo akingoja gari la mizigo. Kwa mara ya kwanza niliweza kuona mwaka mzima na kupanga kazi nzito zikae katika miezi ya ukame, majani yanapokuwa machache. Atakayewaambia kwamba mambo yalikuwa bora enzi za misumari, mwambieni Githaiga amekataa. Kasoro ilikuwa moja tu mwanzoni, na mimi niliiona siku ya kwanza nikanyamaza: kadi ilikuwa na mambo mawili tu, imefunguliwa au imefungwa. Hapakuwa na mahali pa maneno ya Wafula ya nyuma ya kadi.

Kila Jumatatu meneja wa wakati huo alikuja kutazama skrini. Hakusoma kazi moja moja. Alitazama rangi. Kijani kikiwa kingi alinigonga bega. Nami, mtu mzima mwenye watoto, nikaanza kufanya kazi kwa ajili ya bega langu.

Sasa nafika kwenye draya ya pili.

Draya ni tanuri la kukaushia majani yaliyokwisha kukatwa. Feni kubwa inasukuma hewa moto chini yake, na feni hiyo inazungukia beringi mbili. Beringi hizo zilitakiwa kufunguliwa, kusafishwa grisi ya zamani na kuwekwa mpya. Kazi hiyo haifanyiki feni ikizunguka, na tanuri lazima lipoe kwanza. Nilikuwa nimeikadiria saa nne. Kadi ilitoka wakati majani ya mvua ndefu yalikuwa yamekwisha kuiva shambani na malori yakishusha majani mchana kutwa. Wafula alikwenda na vifaa vyake, akaambiwa na watu wa uzalishaji arudi kesho. Alikwenda tena, akaambiwa hivyohivyo. Mara ya tatu alinirudishia kadi mezani.

"Baba Njoki, hao wamekataa kusimamisha. Na nimesikiliza. Ile ya upande wa ukuta ina njaa mbaya."

"Nitazungumza nao."

"Zungumza leo. Mimi kesho nasafiri, shangazi tunamzika Ijumaa."

Nilizungumza nao, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Walisema Jumapili. Mwezi ulikuwa unakwisha, na wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kuona jinsi kiwanda kidogo cha mlimani kinavyotumia kompyuta. Kwenye skrini yangu palikuwa na mstari mmoja tu mwekundu. Ijumaa, Wafula akiwa mazishini, niliketi nikautazama. Nikajiambia Jumapili itafanywa, sasa tofauti ni nini? Nikabonyeza kufunga. Kompyuta ikaniuliza jina la fundi, nikaandika Wafula. Ikaniuliza saa zilizotumika, nikaandika nne. Ikawa kijani. Nakumbuka kwamba niliona raha.

Nilidhani nimeliazima jina la mtu kwa siku tatu, kama unavyoazima jembe la jirani akiwa hayupo.

Jumapili malori yalikuja, na feni haikusimamishwa. Wafula aliporudi kutoka Bungoma hakukuta kadi, akadhani nimempa mtu mwingine, na mimi sikumwambia chochote. Wiki iliyofuata beringi ya upande wa ukuta ilishika. Mhimili ulipinda, feni ikajigonga kwenye kuta zake, na moshi ukajaa hadi kwenye vyumba vya kuchambulia. Watu walitoka nje salama, nashukuru. Lakini draya ilisimama siku nne, na draya moja iliyobaki haikuweza kukausha yote. Majani yalipata joto kwenye vitanda yakawa mekundu. Kule kwenye vituo vya kupokelea majani wakulima waliambiwa warudi na majani yao. Kuna mama mmoja aliyapanga tena kwenye kikapu chake polepole, jani kwa jani, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake.

Meneja alituita ofisini, Wafula na mimi, pamoja na Mzee Ndirangu. Alikuwa amechapisha ukurasa wa draya, na hakuna aliyeuliza tarehe.

"Wafula, hapa inaonyesha ulifungua hizi beringi na ukaweka grisi. Saa nne. Grisi iko wapi?"

"Mimi sikufanya hiyo kazi, bwana meneja."

"Basi uliandika uongo?"

"Sikuandika. Hata hiyo kompyuta sijawahi kuigusa. Niliirudisha kadi kwa Baba Njoki." Akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama shahidi wake.

Meneja akaniuliza, "Githaiga?"

Nikasema, "Mfumo unaonyesha imefanywa."

Ni maneno matatu. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo, na yote pamoja ndiyo uongo mkubwa niliowahi kusema. Wafula aliendelea kunitazama muda mfupi, kisha akatazama chini, kama mtu aliyesikiliza beringi na kujua imekufa.

Alipewa barua ya kuachishwa kwa kuandika kazi ambayo hakuifanya. Siku ya kuondoka alirudisha spana zake stoo, moja moja, akapangusa bomba la grisi hadi likang'aa. Kisha akapita mlangoni kwangu. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Ngazi nimeiacha nyuma ya boila," alisema. "Isije ikatafutwa."

Akaenda.

Mzee Ndirangu alijua. Hakuwahi kuniambia kwamba anajua. Wiki iliyofuata aliingia ofisini na ile beringi iliyovunjika, nyeusi, nusu ya gololi zake zikiwa zimesagika, akaiweka mezani juu ya makaratasi yangu.

"Ikae hapa," akasema. "Itakushikia karatasi upepo ukija."

"Mzee, hapa ndani hakuna upepo."

"Utakuja."

Alistaafu mwaka huohuo, na sasa ni marehemu. Beringi ilibaki mezani kwangu miaka kumi na moja. Wageni walidhani ni pambo.

Baada ya hapo nilikuwa mpangaji mzuri, na nalisema hilo bila kujisifu, kwa kuwa bei yake aliilipa mtu mwingine. Sikufunga tena kadi ambayo fundi hajaileta mkononi kwangu. Nilikwenda kwenye mashine kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye skrini. Nilijifunza kuomba mashine isimamishwe kwa sauti ya kuomba mashine isimamishwe. Meneja aliyefuata alipolalamika kwamba skrini yangu ina mistari mingi myekundu kuliko ya viwanda vingine, nilimwambia viwanda vingine labda vina mafundi wengi, au wino mwingi wa kijani. Lakini nawaambia nyinyi vijana: kuacha kurudia kosa si sawa na kulirekebisha. Nilijidanganya kwa muda mrefu kwamba ni kitu kimoja.

Wairimu aliletwa miaka miwili kabla sijastaafu, kutoka chuo Nyeri mjini, ili ajifunze kwangu na ahamishe kumbukumbu za zamani kwenye mfumo mpya wa simu. Alikuwa na desturi ya kuuliza kila kitu mara mbili. Mwanzoni ilinichosha, baadaye nikaelewa kwamba mara ya pili haikuwa swali, ilikuwa ukaguzi.

Nikiwa nimebakiza miezi mitatu, ilikuja barua kutoka kinu kimoja cha mpunga Wang'uru. Mwenye kinu mpya alitaka kumfanya Wafula mkuu wa mafundi. Watu wote wa pale walimsifu, lakini yeye ni mtu wa makaratasi, na alitaka kujua Wafula aliondokaje kwetu. Barua ilipelekwa kwa Wairimu aitafutie jibu. Alasiri alikuja na simu yake mkononi.

"Mzee, nimepata kadi iliyomfukuzisha huyu mtu. Lakini kuna kitu hakikai vizuri."

"Kitu gani?"

"Nimeangalia kadi zako zote za draya. Ulikadiria nne, ikachukua tano na nusu. Ukakadiria sita, ikachukua nne na robo. Hakuna hata moja iliyotoka sawa. Ila hii. Nne, na nne." Akatelezesha kidole. "Halafu siku hiyo Wafula alikuwa na ruhusa ya mazishi. Alikuwa Bungoma. Sasa alifunguaje beringi Kerugoya?"

Nilitazama ile beringi mezani.

"Niandike ni makosa ya tarehe?" akauliza. Alikuwa ananifungulia mlango, mtoto wa watu, kwa heshima tu. Kisha, kama kawaida yake, akauliza tena. "Mzee, ni makosa ya tarehe?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza yote. Alivuta kiti, akakaa upande wangu wa meza badala ya ule wa mbele, na sijasahau hilo.

Tulikwenda pamoja kwa meneja wa sasa, mama mmoja wa Meru asiyepoteza maneno. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Mzee Githaiga, umebakiza miezi mitatu. Ungenyamaza, ungekula keki yako ukaenda nyumbani."

"Ningeila, Madam. Ingenikwama."

"Utapata barua ya onyo. Itakuwa kwenye faili yako siku ya kustaafu."

"Iwe ya kwanza kuandikwa kweli juu ya kazi hiyo."

Akanipa karatasi tupu. "Andika kwa mkono wako. Bila mfumo." Niliandika kwamba kazi haikufanywa, kwamba Wafula alikataliwa mara tatu akarudisha kadi, kwamba jina lake niliandika mimi, na kwamba nilipoulizwa nilijificha nyuma ya kompyuta. Madam alituma nakala kwenye kinu, akaifuta ile barua ya kuachishwa. Wairimu naye, bila kuambiwa na mtu, aliongeza sehemu ya tatu kwenye kadi za mfumo mpya. Sasa kuna Imefunguliwa, Imefungwa, na Haikufanyika, na ukichagua hiyo ya tatu simu haikuruhusu kuendelea hadi uandike sababu. Siku alipoiwasha, fundi wa kwanza kuitumia aliandika: "Ngazi haionekani." Nilicheka hadi nikatoka nje.

Ilibaki kwenda mwenyewe. Niliifunga beringi kwenye gazeti, nikashuka Wang'uru. Sweta nililivua njiani, Kutus, kizibao nikakivua kabla ya kuuona mpunga. Kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo. Wafula alikuwa ameketi juu ya gunia, nywele nyeupe, akisoma daftari la shule. Bisibisi ndefu ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli.

"Baba Njoki," alisema. Hakunyoosha mkono. Mikono yake ilikuwa na grisi, na sikujua kama hiyo ndiyo sababu.

"Nimekuja kukuambia jambo."

"Yule Madam alinipigia simu. Nimeambiwa."

"Nilitaka ulisikie kwangu."

"Basi sema. Mashine imezimwa, nasikia vizuri."

Nikasema. Nilimwambia kwamba sikukosea kidole, kwamba nilijua, na kwamba aliyeigundua ile nne na nne ni msichana, Wairimu. Aliposikia lile neno la ofisini, mfumo unaonyesha imefanywa, alitikisa kichwa kama anayelikumbuka vizuri kuliko mimi.

"Unajua siku hiyo nikifika nyumbani mke wangu aliniuliza nini?" akasema. "Aliniuliza, 'Wafula, na kweli hukuweka grisi?' Yeye! Mtu anayefua hizi ovaroli. Meneja kunifukuza, sawa, meneja hanijui. Lakini huyo aliuliza."

Nililishika lile gazeti kwa mikono miwili.

Akafunga daftari, akasema, "Miaka kumi na moja. Kadi ikichelewa hivyo, sistimu yako inatoa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ileile ya kuchelewa wiki moja?"

"Nyekundu ni moja tu."

"Ati moja! Basi hiyo sistimu yako ni mjinga." Mdomo wake ulisogea kidogo upande mmoja. "Na usiniulize kama nimekusamehe. Hiyo kazi nitaipanga. Lakini makadirio sikupi."

"Sitauliza."

Nikafungua gazeti nikampa beringi. Aliizungusha kwa kidole gumba, akainusa, akaiweka sikioni ingawa haikuwa na la kusema tena. "Ni yeye. Wa upande wa ukuta." Akanirudishia. "Peleka kwa huyo msichana wako. Siku atakayotaka kufunga kadi ya uongo, aishike kwanza, asikie uzito. Mimi hapa niko na beringi za kutosha."

Alikuwa ameshapata ile kazi. Aliniambia hivyo akitazama pembeni, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Kisha akasimama na kutazama juu, kwenye mashine ya kupandisha mpunga, ule mkanda mrefu wenye vikombe. Vikombe vitatu vilikuwa vimelegea karibu na paa, na msaidizi wake alikuwa ameugua.

"Saa moja," akajisemea.

"Ngazi iko wapi?" nikauliza.

Hapo ndipo alipocheka, kile kicheko chake cha zamani kilichokuwa kikiwafanya kina mama wa kuchambua wageuke. Ngazi, kwa kweli, ilikuwa kwa jirani. Tulikwenda kuileta pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Niliishika chini huku yeye akipanda, na nikampitishia boliti moja moja, na mbili zikaanguka kwenye makapi ya mpunga tukazitafuta kwa magoti. Jasho lilinitoka ambalo sijawahi kulitoa kule juu.

Tulipomaliza, alikaa tena juu ya gunia akafungua daftari lake. Alikuwa amelichora mistari kwa rula. Safu ya mwisho ilikuwa na kichwa: "Haikufanyika, sababu." Safu hiyo aliiacha wazi. Akaandika kazi, akaandika tarehe, kisha akanigeuzia daftari nisome, jinsi fundi anavyomwonyesha mpangaji.

Makadirio: saa moja. Ilichukua: saa mbili na robo. Waliofanya: Wafula, Githaiga.